Injini Ikiwaka Hakuna Salamu

Kibanda cha majaribio kilikuwa nyuma kabisa ya karakana, ng'ambo ya rundo la vyuma chakavu, na aliyekiweka huko hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu watu wengine wafanye kazi bila kuziba masikio. Karakana ile ilikuwa ya kufufua magari ya kizamani, yale yenye taa za mviringo na milango inayofungika kwa kishindo cha heshima, na kila injini iliyoundwa upya ilipitia kibandani kabla ya kurudi kwenye gari lake. Humo ilifungwa kwenye jukwaa la chuma, ikaunganishwa na breki ya maji iliyoikaba kama mlima unavyolikaba gari, kisha ikaachwa iungurume mchana kutwa, siku baada ya siku, ili kama ina ugonjwa ujitokeze hapo na si barabarani. Sheria ya kibanda ilikuwa moja: ukiacha kuzimwa kwa kila jioni, injini ikizimwa kabla ya kumaliza saa zake, saa zinaanza kuhesabiwa upya.

Aliyekaa nayo humo alikuwa mtu mmoja tu. Wenzake walimwita Mzee Bisibisi, kwa kuwa hakuachana na bisibisi yake ndefu. Aliweka ncha yake kwenye chuma cha injini na mpini wake kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akafumba macho, na hapo akasikia kila kinachotembea ndani. Jina alilopewa na wazazi wake alikuwa analijua mhasibu peke yake, na mhasibu naye mpaka akune kichwa kwanza.

Tuseme wazi: mzee huyu alikuwa mpweke. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mbali, mtoto mwema, anapiga simu kila akipata nafasi, ila nafasi zenyewe haba. Nyumbani palikuwa na vyumba viwili na viti viwili, kimoja kimechakaa na kingine kama kipya kwa kuwa hakuna anayekikalia. Jioni alikaa akisikiliza bomba la jirani likidondosha maji. Ungedhani mtu anayeshinda kwenye kelele namna ile angefurahia kimya. Wapi. Kimya cha nyumba yake hakikumshibisha.

Kilichomshibisha ni salamu. Kibandani huwezi kuzungumza, injini inakula maneno yote, lakini watu walikuja kwa shughuli zao: dada wa stoo akileta oili, yule mpaka rangi wa magari akitafuta kopo ambalo hakuwahi kulisahau humo, msimamizi akija kusoma mishale ya joto na presha. Mlango ulikuwa na kioo kidogo. Mzee akiona tu kichwa kinapita kiooni, mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye wenzo wa mafuta na kuurudisha chini, injini ikabaki inanong'ona, na hodi ikasikika. Angefanyaje? Mtu mzima hapokei shikamoo kwa kupiga mayowe kama anayefukuza kuku. Na salamu zenyewe hazikuwa za juu juu. Habari za asubuhi, za nyumbani, goti linaendeleaje, binti anasemaje, mvua za upande wenu zikoje, na wewe je, mtoto kapona kikohozi? Dada wa stoo akianza, hata oili aliyoileta ilisahaulika mikononi mwake.

Sasa ikaja injini ya silinda sita, ya mama mmoja muuguzi mstaafu. Gari lilikuwa la marehemu baba yake. Alipolileta alilipapasa boneti kama anayepapasa shavu la mtoto mwenye homa.

“Nataka niwapakie dada zangu wote wawili,” alimwambia mzee, “tupande milima mpaka kwa mdogo wetu wa mwisho. Tangu baba afariki hatujakaa gari moja.”

Majaribio yalianza na visa vya kawaida. Oili ilivuja nyuma ya krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka, kwa kuwa sili, mpira wa kuizuia, ilikuwa imekaa upande. Ikabadilishwa. Kisha springi ya vali ikakatika na silinda moja ikawa inakohoa. Ikabadilishwa nayo. Kisha pampu ya maji ikaanza kutoa machozi. Hakuna aliyeshangaa, maana ndiyo kazi ya kibanda. Aliyeiunda injini ile alikuwa fundi mwanamama mwenye mikono mipana na mdomo mwepesi, na kila alipoitwa alikuja na sanduku lake la vifaa akitikisa kichwa.

“Baba, hii injini imekupenda,” alimtania. “Haitaki kuondoka.”

Halafu ikaanza kugonga.

Hakukuwa kugonga kwa kishindo. Baada ya injini kubeba mzigo kwa muda mrefu na joto kuenea mwili mzima, ndani ya ule mngurumo kilizuka kitu kingine, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Mzee aliweka bisibisi, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena. Kwa hesabu zake zilikuwa beringi za chini ya konrodi, pale mkono wa pistoni unaposhikana na krenki. Akaenda kumwita msimamizi. Msimamizi alikuja, wakasalimiana, wakaulizana hali, wenzo ukapandishwa, wakasikiliza kwa zamu. Injini ikaimba kama cherehani mpya. Msimamizi akaondoka. Baada ya muda, ko, ko, ko.

Akaitwa fundi. Yakawa yale yale. Akaja mpaka rangi, akasema yeye ameisikia waziwazi, lakini huyo alikuwa mtu wa kukubali kila kitu ili mradi mazungumzo yaendelee.

Safari nyingine mbili msimamizi aliitwa bure. Ya tatu alifunga mlango nyuma yake na kukaa juu ya ndoo.

“Mzee wangu, unajua nakuheshimu,” alianza, na mzee akajua hapo hapo kwamba habari si njema. “Hii injini tumeifungua mpaka boliti zinatujua. Nikimwambia fundi aifungue tena kwa mlio unaousikia wewe peke yako, nitamweleza nini? Labda masikio yamechoka.”

“Masikio hayajachoka.”

“Basi tufanye hivi. Mwisho wa wiki ukifika na hakuna mwingine aliyeisikia, injini inatoka. Na wewe upumzike. Umetufanyia kazi ya kutosha.”

Kupumzika. Kupumzika alikujua kulikokuwa: kwenye kile kiti kilichochakaa, mbele ya kile kipya. Na upande wa pili aliwaona wale dada watatu mlimani, wanacheka, mmoja anashika usukani, na konrodi inakatika na kutoboa ubavu wa injini mahali ambapo barabara haina pa kuegesha. Asingenyamaza. Lakini hakuweza kuthibitisha pia. Usiku huo, na uliofuata, alianza kuisikia ile ko, ko, ko kwenye bomba la jirani, na hapo ndipo alipoogopa kweli. Mtu aliyeishi kwa masikio yake akianza kuyashuku, anabaki na nini?

Siku moja kabla ya ahadi kutimia mvua ilinyesha tangu asubuhi. Uwanja uligeuka tope, na hakuna aliyetaka kuvuka kwenda kibandani. Mzee alikaa peke yake, akala mkate wake peke yake, na kwa mara ya kwanza injini ilibeba mzigo wake bila kupunguzwa hata kidogo. Kugonga kulianza kabla ya saa sita na hakukukoma. Kulizidi. Mchana ulivyosogea hakuhitaji tena bisibisi. Alikusikia kwenye miguu ya kiti. Akasema moyoni, leo ama mimi nina wazimu kamili au hii injini inakufa.

Jioni ilipokaribia kichwa cha dada wa stoo kikapita kiooni, chini ya mwavuli. Mkono wa mzee ukashuka kwenye wenzo. Injini ikanong'ona. Dada alipomaliza kufunga mwavuli na kusema hodi, kugonga kulikuwa kumekwisha.

“Shikamoo baba. Mvua hii jamani. Goti linasemaje?”

Mzee aliutazama mkono wake wa kulia kama mkono wa mtu mwingine.

“Baba?”

“Marahaba, mwanangu,” alisema hatimaye. “Hebu keti. Niambie ukweli. Umewahi kuingia humu ukakuta injini inakwenda kwa nguvu?”

Dada alifikiri. “Hapana. Kila nikija imetulia. Mimi nilidhani ndivyo inavyokwenda.”

Akajua. Watu wote waliokuja kuisikiliza walikuja na salamu mkononi, na yeye kila mara aliipoza injini ili azipokee. Walipomaliza kuulizana habari za watoto, pistoni zilikuwa zimepoa na ugonjwa umejificha. Na hakuna aliyekaa humo muda wa kutosha joto lirudi. Injini ilikuwa inagonga anapokuwa peke yake kwa sababu ni peke yake tu alipokuwa anaiacha ifanye kazi.

Kulijua jambo ni kitu kimoja. Kwenda kumwambia mtu usinisalimie ni kitu kingine. Asubuhi yake alisimama mlangoni kwa msimamizi akizungusha kofia, akapokea salamu, akauliza habari za mke, akauliza habari za wakwe, mpaka msimamizi mwenyewe akaweka kalamu chini.

“Mzee, sema.”

“Nataka mje kibandani leo mchana. Wewe na fundi. Ila mkiingia, msinisalimie.”

Msimamizi alimtazama. “Nimekukosea nini?”

“Hujanikosea.”

“Ni kwa sababu nilisema upumzike? Mzee wangu, yale ni maneno ya kikazi tu, hayana…”

“Sina kinyongo, mwanangu. Ingieni, msiseme neno, wala msinipe mkono. Nisimame nisisimame, msinijali. Nendeni moja kwa moja kwenye injini.”

Ilibidi aeleze mara mbili, na ya pili msimamizi alielewa nusu. Nusu ilitosha. Mchana, injini ikiwa imekabwa na breki tangu asubuhi bila kupumua, vichwa viwili vilipita kiooni. Mkono wa mzee ukaruka. Akaukamata kwa mkono wa kushoto, akaubana kwenye kiti chini ya paja lake, na akakaa hivyo kama mtoto aliyekatazwa kuonja. Mlango ulifunguka. Msimamizi na fundi waliingia bila hodi, bila shikamoo, wakampita kama kabati. Alikuwa ameomba mwenyewe, na bado ilimuuma.

Fundi alichukua bisibisi, akaweka mpini nyuma ya sikio. Utani ulimtoka usoni. Akamkabidhi msimamizi, naye akasikiliza, akahamisha, akasikiliza, kisha akanyoosha mkono na kuizima injini mwenyewe.

“Ina muda gani hivi?” aliuliza, sauti ikiwa bado kubwa ingawa kelele zimekwisha.

“Tangu siku ile ya kwanza nilipokuita,” alisema mzee.

Walipoifungua, beringi za chini zilikuwa nzima.

“Baba, hizi ziko kama siku nilipozifunga,” fundi alimwambia, akimwonyesha moja baada ya nyingine. “Masikio yako yamepotea njia kidogo.” Lakini alipopanda juu kwenye konrodi ya silinda ya tano aliacha kutania. Bushi ya shaba inayoshika pini ya pistoni ilikuwa imelegea na kuzunguka mahali pake, na kuzunguka huko kumeziba tundu la oili. Pini ilikuwa inakauka kila joto linapopanda, na imeshageuka rangi ya samawati. Yeye mwenyewe ndiye aliyeigongomea bushi ile. Alikaa chini sakafuni, pini mkononi. “Wangefika katikati ya mlima,” alisema. “Wasingefika juu.”

Mzee alimwambia ni bushi tu, itabadilishwa. Na ilibadilishwa, na zile tano nyingine zikapimwa, na injini ikarudi jukwaani na kumaliza saa zake zote bila kukohoa. Mama mwenye gari alikuja na dada zake wote wawili, wakamshika mkono mzee kwa zamu, wakamwombea maisha marefu, wakapakia vikapu vyao, wakaondoka wakibishana nani akae mbele.

Habari ya mzee kupumzika haikutajwa tena. Badala yake msimamizi aliwaita watu wote uwanjani na kuwaeleza, kwa fahari, jinsi salamu zao zilivyokaribia kuua watu. Kisha akamwagiza mpaka rangi aandike mlangoni pa kibanda. Mpaka rangi aliitumia siku nzima, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, nzuri kuliko ubao wowote wa mtaa ule: INJINI IKIWAKA HAKUNA SALAMU.

Wakaitii amri ile. Hilo ndilo lililokuwa gumu, kwamba waliitii kwa upendo. Dada wa stoo alikuja kwa kunyata, akaweka oili karibu na mlango, akaondoka bila hata kuinua macho asije akamshawishi. Msimamizi alisoma mishale na kutoka. Mpaka rangi, kwa kuwa maandishi yalikuwa kazi ya mkono wake, aliacha kuja kabisa. Asubuhi mzee alikuwa wa kwanza kufika, maana injini lazima ipashwe moto kabla ya mzigo, na jioni alikuwa wa mwisho kutoka, maana lazima ipozwe taratibu. Injini iliyofuata ilikuwa ndogo, ya silinda nne, na ubovu wake, gasketi, ule utando wa kuziba kati ya vyuma, iliyokuwa inapitisha moto, uligunduliwa siku ile ile ya kwanza. Msimamizi aliinua kidole gumba kupitia kiooni.

Mzee alifikiri kwenda kumwambia msimamizi waifute ile rangi. Lakini angesema nini? Majaribio yalikuwa yanakwenda vizuri kuliko zamani, alijua hivyo kuliko yeyote. Na mtu anaombaje kusalimiwa? Salamu ya kuomba haina ladha. Siku zikaenda. Binti alipiga simu, na mzee alipofungua mdomo sauti ilitoka imekwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta.

“Baba, unaumwa?”

“Siumwi. Sijaitumia tu.”

Binti alicheka, akidhani ni utani.

Injini ndogo ilipewa gasketi mpya ikaanza upya, ikaenda vizuri. Ilikuwa na afya. Alipita kila silinda kwa bisibisi na hakusikia ila kile alichotakiwa kusikia. Alasiri moja, saa zake zikiwa zimebaki chache kukamilika, kichwa cha msimamizi kilipita kiooni, kikasimama, kikatazama mishale kutoka nje, kikaendelea na safari. Hata ndani hakuingia.

Mzee alinyoosha mkono, akaizima injini.

Kimya kilipoingia aliusikia moyo wake. Hakuna aliyejua kuliko yeye kwamba saa zote zile zimepotea. Akafungua mlango, akasimama kizingitini, na msimamizi aliyekuwa ameshafika kwenye rundo la vyuma akageuka, akarudi mbio.

“Vipi, Mzee wangu? Kuna nini?”

Mzee alitaka kusema hakuna kitu. Alikuwa na neno moja tayari mdomoni, habari za tangu asubuhi, basi, hilo tu. Lakini msimamizi alikuwa ameshageukia karakana na kuita.

“Fundi! Njoo na sanduku. Mzee amezima.”

“Pengine si kitu,” alisema mzee.

“Ukizima wewe, kuna kitu. Safari hii sibishani na masikio yako.”

Wakaja wote. Fundi na sanduku lake, dada wa stoo na beseni la kukingia oili, mpaka rangi na mikono mitupu. Kwa kuwa injini haikuwa inawaka, kila aliyeingia alimsalimia. Shikamoo baba. Za siku nyingi, jamani, ni kama hatupo mahali pamoja. Umekonda. Goti linaendeleaje? Kibanda kilijaa mpaka watu wakakanyagana, na dada wa stoo akaanza kusimulia habari za mtoto na kile kikohozi, kumbe kilikuwa pumu. Mzee aliitikia, marahaba, marahaba mwanangu, nzuri, linajitahidi. Machozi yalimlengalenga machoni na akasingizia moshi.

Fundi alipiga magoti mbele ya injini ile nzima, isiyo na kosa lolote, akachagua spana.

“Ilikuwa inagonga wapi, baba?”

Wote wakasogea wamsikie. Mzee aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akainua bisibisi, akagusa silinda ya tatu.

“Hapa,” alisema.

Fundi akaingiza spana kwenye boliti ya kwanza, na huku akiilegeza akamuuliza habari za nyumbani.